Kura Mbili za Mkono Mmoja: Namna ya Kuyasoma Matokeo ya Uchaguzi katika Kaunti za Vijijini Uganda

Saa kumi jioni, kituo cha kupigia kura kinapofungwa kijijini, wengi wa waliopiga kura tangu asubuhi huwa wamerudi. Husimama hatua chache kutoka mezani, chini ya mwembe au kando ya ukuta wa shule, na msimamizi wa kituo humimina karatasi za kura ya urais, huinua moja moja, huionyesha kwa watu na kulitaja jina la aliyechaguliwa kwa sauti. Mawakala wa wagombea huandika kila kura kwenye madaftari yao. Kisha zinafuata karatasi za ubunge, na hapo mara nyingi hesabu hugeuka: kijiji kilekile ambacho muda mfupi uliopita kilimpa mgombea wa alama ya basi, yaani wa chama tawala cha NRM, kura kwa mafungu, sasa kinamwangusha mgombea ubunge wa basi hilohilo na kumpa ushindi mtu asiye na chama. Wapiga kura hawajabadilika, na sanduku la ubunge lilikuwa pembeni ya lile la urais tangu asubuhi.

Hoja yangu ni kwamba mpiga kura wa kijijini Uganda hutoa siku hiyo moja majibu mawili kwa maswali mawili tofauti, na kwamba anayeyachanganya majibu hayo hataielewa kaunti yoyote hata akiwa na takwimu zote mbele yake. Kura ya urais hujibu swali la amani na dola: nani akiwa Ikulu sisi tutalala salama, na je, tunaweza kumudu gharama ya kuwa kinyume chake? Kura ya ubunge hujibu swali la karibu zaidi: nani ni wetu, nani tukimwendea atatufungulia mlango.

Maelezo yanayosikika zaidi mjini Kampala ni mengine. Ya kwanza ni kabila: kwamba mtu wa kijijini humpigia kura mtu wa lugha yake, basi. Ya pili ni chumvi na sabuni: kwamba kura za vijijini hununuliwa usiku wa kuamkia uchaguzi kwa kilo ya sukari na noti chache. Yote mawili yana chembe ya ukweli ambayo hakuna aliyeishi kijijini atakayeikana. Lakini kabila la watu halibadiliki katika miaka kumi, ilhali kura zao, kama tutakavyoona, zimebadilika kabisa. Na sukari hugawiwa na wagombea wengi kwa wakati mmoja, wakiwamo wengi wanaoshindwa. Kwa hiyo sukari pekee haiwezi kueleza kwa nini mmoja wao ameshinda.

Kabla ya kuendelea, neno kaunti lenyewe linahitaji kufafanuliwa. Msomaji wa Kenya alisikiapo hufikiria gavana na bajeti yake. Kwetu Uganda kaunti ni kitu kidogo zaidi na kikongwe zaidi, yaani saza la enzi za falme na ukoloni: sehemu ya wilaya, iliyo juu ya gombolola, muluka na kijiji. Siku hizi haina serikali yenye nguvu ya kwake, na umuhimu wake mkubwa ni kwamba majimbo mengi ya ubunge vijijini yamechorwa juu yake na kubeba jina lake. Bunge lililochaguliwa mwaka 2021 lilikuwa na wabunge 529, ambao 353 kati yao walitoka kwenye majimbo, 146 walikuwa wabunge wanawake wa wilaya na majiji, na 30 waliobaki waliliwakilisha jeshi, vijana, wafanyakazi, wazee na watu wenye ulemavu. Nyuma ya idadi hiyo kubwa kuna mgawanyo usiokoma: wilaya zilikuwa 33 mwaka 1986, na leo ni 135 mbali na Kampala. Wilaya mpya huleta kiti cha mbunge mwanamke, mwenyekiti wa wilaya (LC5), baraza, ofisi na ajira, na ndiyo maana ahadi ya wilaya au kaunti mpya imekuwa miongoni mwa ahadi tamu kuliko zote katika kampeni za vijijini.

Tuanze na kura ya urais. Kwa hesabu za Tume ya Uchaguzi, Yoweri Museveni alipata takriban asilimia 74 mwaka 1996, asilimia 69 mwaka 2001, asilimia 59 mwaka 2006, asilimia 68 mwaka 2011, karibu asilimia 61 mwaka 2016 na asilimia 58 mwaka 2021. Anayezitazama namba hizi peke yake huona ngome inayobomoka polepole, ikakarabatiwa mara moja mwaka 2011. Chini yake, hata hivyo, nchi ilikuwa ikijigeuza juu chini, na mageuzi hayo hayaonekani katika jumla ya taifa.

Mwaka 1996 Wacholi wa Kaskazini walimkataa Museveni kwa sauti moja na kumpa mpinzani wake Paul Ssemogerere, kiongozi wa Democratic Party (DP), kura zao karibu zote. Vita vya waasi wa Lord's Resistance Army vilikuwa vimeanza miaka ya 1980, serikali ilishindwa kuvimaliza, na baadaye zaidi ya watu milioni moja na nusu wa Kaskazini wakaishi kambini, wakila chakula cha msaada huku mashamba yao yakigeuka msitu. Katika uchaguzi wa Februari 2006 Kaskazini ilimpa Kizza Besigye, mgombea wa chama cha upinzani cha FDC, ushindi mkubwa. Agosti mwaka huohuo makubaliano ya kusitisha mapigano yalitiwa saini mjini Juba, kambi zikaanza kuvunjwa, na watu wakarudi kwenye vijiji vyao kujenga upya. Miaka mitano baadaye, mwaka 2011, Museveni aliongoza katika jumla ya kura za Kaskazini, licha ya kwamba Wacholi wawili mashuhuri, Norbert Mao wa DP na Olara Otunnu wa Uganda People's Congress (UPC), walikuwa kwenye karatasi ileile. Kama kabila lingekuwa ndilo jibu, matokeo ya 2011 yasingewezekana. Watu waliokuwa wamelala kambini kwa miaka kumi walipima kitu kimoja: kwamba sasa wanalala nyumbani, na kwamba hawataki kujaribu lolote litakalowarudisha walikotoka.

Luwero, eneo la Buganda kaskazini ya Kampala, ilikwenda njia ya kinyume. Huko ndiko vita vya msituni vya 1981 hadi 1986 vilikopiganwa, na wakulima wa eneo hilo ndio waliowalisha na kuwaficha wapiganaji wa Museveni, wakalipa kwa maisha yao. Kwa miaka mingi baadaye kumbukumbu hiyo ilikuwa mtaji wa kisiasa usio na kifani. Katika kampeni za 1996 Ssemogerere, Muganda na Mkatoliki aliyestahili kuizoa Buganda kwa hesabu za kabila na dini, aliungana na UPC, chama cha Milton Obote, rais ambaye jeshi lake ndilo lililopigana na Museveni huko Luwero. Upande wa serikali ukasambaza picha za mafuvu ya Luwero, na Buganda ikampa kisogo. Lakini mwaka 2021 wilaya ya Luwero ilichagua wabunge wa NUP, chama chenye alama ya mwavuli kilichoanza kujulikana mwaka uliotangulia, na mgombea wake Robert Kyagulanyi, mwanamuziki ajulikanaye kama Bobi Wine, akaongoza katika jumla ya kura za urais za Buganda. Edward Ssekandi, makamu wa rais wakati huo, alipoteza kiti chake cha Bukoto ya Kati, humohumo Buganda, kwa mgombea wa DP. Zaidi ya robo tatu ya wananchi wa Uganda wana umri wa chini ya miaka 35. Kijana wa Luwero hakuyaona mafuvu, ila ameona watu wakifukuzwa kwenye vibanja vyao, yaani mashamba wanayokalia bila hati, na Novemba 2020 aliona au kusikia risasi zilizoua watu zaidi ya 50 katika maandamano ya kupinga kukamatwa kwa Kyagulanyi. Swali lake kuhusu amani ni lilelile la babu yake, na jibu lake ni tofauti kwa sababu aliyemtia hofu ni mwingine.

Ndiyo maana nasema kura ya urais ni ya amani na dola. Acholi na Luwero hazikubadilishana tabia. Kila moja ilijibu kutokana na mahali bunduki ilikokuwa ikielekea wakati huo.

Kuhusu dola, mkulima hukutana nayo kwa njia chache sana, na kila moja ya njia hizo imeguswa karibu na uchaguzi. Elimu ya msingi bila ada iliahidiwa katika kampeni za 1996 na kuanza Januari 1997. Ada katika zahanati na hospitali za serikali ziliondolewa Machi 2001, mwezi wa uchaguzi. Kodi ya kichwa, ile iliyowafanya wanaume kukimbilia vichakani kila walipowasikia askari wa gombolola wakija, ilisimamishwa mwaka 2005, miezi michache kabla ya kura ya 2006. Kuyaita mambo haya hongo ni kuyadharau, kwa kuwa mtoto aliyeingia darasani mwaka 1997 aliingia kweli, na baba aliyelala ndani badala ya kichakani alilala kweli. Vilevile, anayesema hayakuwa na uhusiano na kura anawafikiria wanasiasa kuwa watu wa aina nyingine.

Mwaka 2022 mpango wa maendeleo wa muluka ulizinduliwa wilayani Kibuku, kila muluka ukipangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka ili kaya zikopeshwe shilingi milioni moja moja. Tazama pesa hizo zinapopita. Orodha ya watakaokopeshwa hutengenezwa kwenye muluka, miongoni mwa watu wanaojuana, na anayethibitisha kwamba wewe ni mkazi ni mwenyekiti wa kijiji (LC1), yuleyule ambaye bila barua yake hupati kitambulisho cha taifa, huuzi kiwanja na humtoi ndugu yako polisi kwa dhamana. Mwaka 2018 wenyeviti hao walichaguliwa kwa wananchi kupanga mstari nyuma ya mgombea wamtakaye, baada ya miaka 17 bila uchaguzi wa ngazi hiyo. Kura ya rais ni ya siri, lakini mwelekeo wa mtu kijijini si siri hata kidogo: anajulikana kwa fulana aliyovaa, kwa mkutano aliohudhuria, kwa mstari aliosimama. Chama tawala ndicho pekee chenye mtandao wa viongozi unaofika karibu kila kijiji, na mipaka kati ya mtandao huo na serikali ni vigumu kuionyesha kwa kidole. Mjane mwenye ekari mbili ana cha kupoteza akionekana upande usiofaa. Kijana wa mjini anayepanga chumba na kuendesha bodaboda hana uhusiano wa namna hiyo na mwenyekiti yeyote. Tofauti ya mji na kijiji katika kura za Uganda ina chimbuko lake hapa zaidi kuliko katika elimu au ujinga, na inanikera kila ninaposikia wanakijiji wakiitwa wajinga na watu ambao hawajawahi kuhitaji barua ya LC1.

Kura ya ubunge ina mantiki yake. Mbunge wa kijijini hapimwi kwa miswada. Hupimwa kwa mazishi aliyohudhuria, majeneza aliyonunua, ada za shule alizolipa, harambee za kanisa na msikiti alizochangia, na kama simu yake hupokelewa baada ya uchaguzi. Mshahara wowote hautoshi kwa kazi hiyo, na wabunge wengi huanguka baada ya kipindi kimoja wakiwa na madeni. Kwa kuwa hakuna anayehofia kwamba kumbadilisha mbunge kutaleta vita, wananchi hutumia uhuru wao wote kwenye karatasi hii. Mwaka 2021 wagombea binafsi zaidi ya 70 waliingia bungeni, idadi inayozidi ile ya chama chochote cha upinzani; NUP, kilichoongoza upinzani, kilipata viti 57, na NRM 336. Wengi wa wagombea binafsi hao walikuwa watu wa NRM walioshindwa katika kura za mchujo za Septemba 2020, ambazo nazo zilipigwa kwa kupanga mstari, wakakataa matokeo na kusimama peke yao. Katika kaunti nyingi za Magharibi ushindani wa kweli hutokea ndani ya chama tawala, kwenye mchujo, na siku ya uchaguzi mkuu inakuwa marudio ya ugomvi huo. Anayehesabu rangi za vyama tu ataiona kaunti hiyo kama bahari tulivu ya manjano, rangi ya NRM, ilhali chini yake watu wamegombana hadi ndugu hawasalimiani.

Hakuna mahali panapoonyesha hili kwa uwazi kuliko kaunti za Buyaga na Bugangaizi, na inafaa tukae hapo kidogo. Kaunti hizi zilikuwa za Bunyoro, ufalme jirani na hasimu wa Buganda, zikakabidhiwa Buganda na Waingereza mwishoni mwa karne ya 19 kama zawadi ya vita, na Mkataba wa 1900 ukathibitisha hivyo na kuigawa ardhi yake kwa wakuu wa Buganda kwa mfumo wa mailo, yaani umiliki wa kudumu wenye hati. Wanyoro waliobaki humo walijikuta wapangaji kwenye ardhi ya mababu zao. Mwaka 1964, miaka miwili baada ya uhuru, wakazi walipiga kura kuamua hatima ya kaunti zao, wakachagua kwa wingi kurudi Bunyoro. Suala la kura hiyo ya kaunti mbili za vijijini lilitikisa taifa zima: muungano wa UPC na Kabaka Yekka, chama cha wafuasi wa mfalme wa Buganda, ukavunjika, Kabaka Mutesa, mfalme huyo aliyekuwa pia rais wa nchi, akawekwa mahali ambapo hakuna mfalme angeweza kusimama, na njia ya mgogoro wa 1966, Obote alipomwondoa Mutesa madarakani, ikafunguliwa.

Kura, hata hivyo, haikurudisha hati za ardhi. Wenye mailo waliendelea kumiliki wakiwa mbali, na kwenye ardhi hiyo isiyo na msimamizi wa karibu wakaja wahamiaji, hasa Wakiga kutoka Kigezi, kusini-magharibi kulikobanana, wengine kwa mipango rasmi ya serikali, wengine kwa kufuata jamaa zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali iliwahamishia Bugangaizi watu walioondolewa kwenye eneo la Mpokya. Idadi ya wahamiaji ilipoanza kukaribia ya wenyeji, kura za wilaya ya Kibaale, iliyozibeba kaunti hizo mbili, zilibadilika tabia. Katika urais wote wawili, mwenyeji na mhamiaji, walimpa Museveni wingi mkubwa, kila mmoja kwa sababu yake: Mnyoro akitumaini kwamba rais atamaliza suala la mailo, Mkiga akiamini kwamba rais ndiye atakayezuia asifukuzwe. Lakini mwaka 2002, Mkiga aliposhinda uenyekiti wa wilaya, Wanyoro walikataa, fujo zikazuka, na suluhu ikapatikana kwa mshindi kuachia nafasi na mtu mwingine kukubaliwa na pande zote. Miaka 14 baadaye wilaya hiyo ilikatwa vipande vitatu, Kagadi na Kakumiro zikitoka Kibaale, ili kila upande uwe na meza yake. Anayesoma tu kura ya urais ya Kibaale angesema ni watu wenye umoja kuliko wote nchini.

Kasese ina somo la aina yake, nami nitalipita kwa ufupi kwa sababu majeraha bado mabichi. Mwaka 2016 FDC kilizoa viti vya ubunge vya wilaya hiyo, na Novemba mwaka huohuo vikosi vya serikali vilivamia ikulu ya mfalme wa Rwenzururu; zaidi ya watu 100 waliuawa. Mwaka 2021 NRM kilirudisha baadhi ya viti. Wengine huyasoma matokeo hayo kama maridhiano, wengine kama woga. Karatasi ya kura huandika alama ya kidole au kalamu, haiandiki sababu, na sidhani kwamba mtu aliyeko mbali na makaburi hayo ana haki ya kuwachagulia Wakonzo sababu yao.

Yote haya yanategemea kwamba namba zenyewe ni za kweli, na hapo ni lazima tuwe waangalifu. Mahakama ya Juu, ilipoamua kesi za Besigye dhidi ya matokeo ya urais, ilikubali kwamba sheria zilikiukwa, lakini majaji wengi wakaona ukiukaji haukubadilisha matokeo kwa kiasi kikubwa: watatu dhidi ya wawili mwaka 2001, wanne dhidi ya watatu mwaka 2006. Wizi wa kura na upendeleo wa kweli wa wananchi huweza kukaa kwenye kituo kimoja. Asilimia karibu mia kwa mgombea mmoja, na wapiga kura karibu wote waliojiandikisha wakiwa wamejitokeza, ni jambo la kutilia shaka popote duniani, kwa maana kila daftari lina majina ya waliokufa na waliohama. Asilimia 65 kwa mgombea wa chama tawala katika kijiji ambacho nusu ya vijana wamekwenda Kampala kutafuta kazi inaaminika zaidi, kwa sababu waliobaki ni wazee na akina mama, watu wa barua na muluka.

Katika kaunti zenye mchanganyiko kama Kibanda, wilayani Kiryandongo, ambako Waalur, Wacholi, Walango, Walugbara na Wanyoro wanauza mahindi kwenye soko moja la Bweyale, mgombea mwenye busara huhutubia kwa Kiswahili, kwani lugha nyingine yoyote ingemweka upande mmoja kabla hajasema neno la pili. Hapo ndipo mtu hujifunza kusikiliza anachoulizwa mgombea. Wa urais, au wakala wake, huulizwa juu ya bei ya mahindi, ardhi na usalama. Wa ubunge huulizwa alikuwa wapi siku ya mazishi.

Hesabu inapokwisha kituoni, mawakala hutia saini fomu za matokeo na kuondoka na nakala. Atakayetaka kuielewa kaunti hiyo aziweke mezani fomu mbili za kituo kimoja, ya urais na ya ubunge, atoe kura za chama kwenye fomu moja kutoka zile za chama hichohicho kwenye nyingine, kisha afanye hivyo kituo kwa kituo, muluka kwa muluka, akiuliza katika kila mahali penye pengo kubwa ni nani alizikwa huko mwaka huo, shamba la nani linagombaniwa, na barabara iliishia wapi.